Msomaji Mmoja

Jumamosi, 18 Mei

Kitabu kimetoka. Mimi Gaudensia, mwalimu wa Kiswahili, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu ambaye mpaka jana alijulikana kwa kukimbizana na wachelewaji tu, leo nina kitabu. Hadithi saba, nakala mia tatu, katoni nne, na moja imeloa kwa sababu kuna mtu aliweka ndoo ya sato juu yake. Kikundi chetu cha waandishi kilikutana Musoma, kwenye chumba tunachoazimwa na parokia, tukanywa soda na kupongezana. Tuko tisa, na kila mmoja amewahi kununua kitabu cha mwenzake. Nje ya hao tisa, wasomaji wetu ni wa kutafuta kwa tochi.

Pastory, mwenyekiti wetu, aliyekuwa mhariri wa gazeti kabla ya kustaafu, alisoma kwa sauti kipande cha hadithi ya mwisho, ile niliyoiita "Mistari Myekundu". Alipomaliza alivua miwani, akaniambia kwamba hapo ndipo nilipoacha kuwa mwalimu nikawa mwandishi. Nimerudi Butiama nimevimba kichwa, siwezi kuficha.

Jumatatu, 20 Mei

Mitihani ya muhula. Karatasi mia na arobaini za kusahihisha. Vumbi.

Jumamosi, 25 Mei

Leo nimefanya kitu ambacho sijui kama ni cha kijinga au kibaya.

Nilikuwa sokoni Bunda nikakutana na Machage, mwanafunzi wangu aliyemaliza kidato cha nne miaka minne iliyopita. Sasa analima pamba kwao, kijiji hikihiki ninachofundisha, na pamba ikishauzwa anaoa. Aliona kitabu kikichungulia kwenye kikapu changu, akauliza kama ni mimi niliyeandika. Akakitaka. Hakuna mtu aliyewahi kunitaka kitabu bila mimi kumsukuma. Nikatoa kalamu, nikaandika ukurasa wa kwanza: "Kwa Machage, aliyependa kusoma tangu mwanzo." Nikampa kwa mikono miwili. Nilipofika stendi ndipo moyo ukaniruka.

Kwa maana "Mistari Myekundu" ni habari ya nyumba yao.

Niandike yote, angalau humu. Bibi Ghati alizaa mabinti watatu, hakupata mtoto wa kiume, mumewe akafariki. Kwa ng'ombe wa mahari ya mabinti hao akamwoa msichana aitwaye Rhobi, kama mila ya huku inavyomruhusu mwanamke asiye na mtoto wa kiume, ili nyumba isije ikafungwa kwa kukosa mrithi. Wanaiita nyumba ntobhu. Watoto wa Rhobi, Machage na mdogo wake Boke, ni wa Ghati. Wanamwita Bibi na wanabeba jina la marehemu mumewe. Mwanamume aliyesaidia wapatikane hana jina. Si siri hasa, watu wazima wanajua. Lakini hasemwi, na mtoto haulizi. Mimi ni Mjita wa kando ya ziwa, nililetwa huku na barua ya uhamisho, na jambo hili nililielewa kwa kichwa tu.

Mwanamume huyo ni Nyamhanga, mpima pamba wa chama cha ushirika. Tangu Machage alipoingia kidato cha kwanza, kila shule inapofunguliwa, Nyamhanga huja kwangu na furushi la madaftari lililofungwa kwa uzi wa kushonea magunia, akaniomba niseme shule ndiyo imetoa. Tangu mwaka jana huyaleta tena, kwa ajili ya Boke, aliye kidato cha pili. Madaftari yenyewe ni ya kawaida, ila kila ukurasa, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, umepigwa mstari mwekundu wa pembeni kwa rula. Anaipiga mwenyewe, ghalani, kwa kalamu ya kuandikia uzito wa pamba. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akanijibu, "Jina langu siwezi kuandika humo. Mstari naweza."

Nilipoandika, nyumba nzima niliihamishia kisiwani Rukuba. Mpima pamba nikamgeuza fundi wa mitumbwi, Ghati nikampa jina jingine na mguu mbovu. Lakini mistari niliiacha kama ilivyo, na maneno yake nikayaacha kama alivyoyasema. Nilijua nikiyagusa hadithi inakufa.

Ijumaa, 31 Mei

Shule imefungwa. Machage hajasoma, maana leo nimempita njiani na amenisalimia vizuri.

Jumapili, 9 Juni

Bado hajasoma. Vijana wa siku hizi hawasomi, wao ni simu tu. Msimu wa pamba umepamba moto, nani ana muda wa kufungua kitabu? Nimejikuta kanisani nikimshukuru Mungu kwa uvivu wa wasomaji.

Jumamosi, 15 Juni

Amesoma.

Alikuja asubuhi nikiwa nafua. Alikuwa na kitabu changu mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika daftari la Jiografia la kidato cha tatu, limechakaa, kava la kaki limetoka. Hakukaa nilipomkaribisha. Alilifungua lile daftari juu ya ndoo ya nguo, akaweka kidole kwenye mstari mwekundu. Akaniuliza kwa heshima kabisa, kama anayeomba arudishiwe karatasi yake ya mtihani, ni nani aliyekuwa analeta madaftari yale.

Nikasema ni shule. Akasema wenzake hawakuwa na mistari. Nikasema ile ni hadithi tu, ya kubuni, mwandishi huokota kitu hapa na kitu pale. Nilikuwa naisikia sauti yangu ikiwa nyembamba. Mikono ilikuwa na povu, nikaifuta kwenye kanga mara tatu.

"Madam," akasema, "darasani ulitufundishaga fasihi ni kioo cha jamii. Tulikariri mpaka tukachoka. Sasa mimi nimejiona humu. Hiki kioo ni cha nani?"

Nikainamia nguo zangu. Akalifunga daftari, akaniaga akaondoka. Hakurudia kuniuliza jina la mtu, na kumbe hakuhitaji. Kalamu nyekundu kijijini hapa hushikwa na sisi walimu, pamoja na mtu mmoja aliye ghalani.

Miaka yote hii nimekuwa nikilalamika kwenye vikao vyetu kwamba watu wetu hawasomi. Nimeandika hata makala kuhusu hilo. Sasa amepatikana msomaji, msomaji wa kweli, aliyesoma kila neno, nami natamani asingejua kusoma. Na ni mimi niliyemfundisha.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda kanisani. Niliogopa kukutana na Nyamhanga, maana yeye ndiye mzee wa kanisa anayesimama mlangoni.

Jumanne, 18 Juni

Mwalimu wa Hesabu amenisimulia bila kujua ananichoma. Jana Machage alipanga foleni ghalani na magunia ya kwao. Zamu yake ilipofika hakuweka mzigo kwenye mzani. Alitoa daftari kuukuu, akaliweka mbele ya mpima pamba, akamwomba ampigie mstari mmoja. Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa vijana. Nyamhanga aliliangalia daftari, halafu akasema, "Kijana, weka mzigo. Watu wanasubiri."

Machage akaweka mzigo. Ukapimwa.

Jumamosi, 22 Juni

Nimekwenda Musoma kumweleza Pastory. Nilitaka anikaripie. Badala yake alifurahi, macho yakang'aa, akasema hiyo ndiyo nguvu ya fasihi, kwamba kitabu kimetoka kwenye kabati kikatembea kwa miguu. Akasema kuna watu wa redio wanataka hadithi ile ile isomwe hewani siku ya Nane Nane, na tufikirie kuchapa mara ya pili.

Nikamuuliza kama hakupaswa mtu kumwomba ruhusa Nyamhanga. Pastory akanitazama kwa huruma. "Gaudensia, mwandishi akianza kuomba ruhusa ataandika nini? Barua za likizo?"

Wote chumbani walicheka, nami nilicheka. Hiyo ndiyo inanisumbua zaidi ya yote, kwamba nilicheka. Huwa nacheka hivyo nikiwa na wale, kwa sababu pale peke yake ndipo ninapoitwa mwandishi.

Jumatatu, 1 Julai

Shule imefunguliwa. Nyamhanga hajaja.

Jumanne, 2 Julai

Hajaja.

Jumatano, 3 Julai

Nimechelewa kwenda kulala nikisikiliza lango. Hajaja. Upepo unapeperusha pamba njiani, imenasa kwenye miiba ya ua wangu pande zote.

Jumamosi, 6 Julai

Nimenunua madaftari kumi Bunda. Nimekaa na rula na kalamu nyekundu tangu saa nne asubuhi. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Daftari moja tu lina kurasa themanini. Kufika daftari la tatu kiganja kiliniuma na rula ilianza kuteleza. Nikawaza jinsi huyu mtu alivyofanya hivi mara mbili kwa mwaka, kwa miaka sita, na mimi nikatumia sentensi nne kulieleza jambo hilo nikajiona fundi.

Jumatatu, 8 Julai

Nimempa Boke furushi, nikasema shule imetoa. Akafungua moja pale pale. Ni msichana mwenye adabu, anaongea huku anaangalia chini. Akasema, "Asante Madam." Saa ya mapumziko akayarudisha yote kumi mezani kwangu.

"Hii si ile," akasema. "Hii mistari imepinda."

Alhamisi, 11 Julai

Nimekwenda ghalani. Nilisubiri mpaka foleni ikaisha, nikasimama mbele ya mzani bila mzigo. Nyamhanga ni mtu mfupi, mwenye mabega mapana, nywele zimeshikwa na nyuzi za pamba kama mtu aliyezeeka siku moja. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nilianza, "Mzee wangu, nimekuja kuomba radhi," naye akaendelea kukunja magunia matupu. Nikamweleza nilivyobadilisha majina na mahali. Nadhani nilitaja hata ile mitumbwi. Mtu akikosea huanza kueleza ufundi wake.

Alipomaliza gunia la mwisho akanitazama.

"Madam, mimi nilikuwaga nakupa mzigo uufikishe. Sikukupa habari."

Akasema mke wake ameshasomewa hadithi hiyo na binti yao mkubwa. Akasema jikoni hakuna maneno tangu hapo. Hakuniambia kwa hasira. Alinishika hata mkono kuniaga, na mkono wake ulikuwa mkavu kama kava la kitabu cha ibada. Nimelia njia nzima na sikujali nani ananiona.

Jumapili, 14 Julai

Machage amekataa ng'ombe. Amemwambia bibi yake kwamba hawezi kuoa kwa ng'ombe wa nyumba asiyojua ameingiaje. Asubuhi hakuonekana. Wanasema amekwenda Rukuba, kambi ya wavuvi, kuvuta nyavu za dagaa. Mimi nilimpeleka baba yake kisiwani huko kwa kalamu, na sasa mtoto amekwenda kwa miguu yake.

Upande wa msichana wametoa mwezi mmoja. Asiporudi, posa inavunjika, na Ghati hana mtoto mwingine wa kiume. Nyumba aliyoijenga kwa ng'ombe wa mabinti zake watatu itafungwa. Hilo ndilo nililolifanya mimi kwa hadithi ya kurasa kumi na moja.

Alhamisi, 18 Julai

Homa. Au uoga.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekwenda kwa Ghati.

Nilimkuta uani na Rhobi, wanachambua pamba. Rundo moja la pamba safi, rundo jingine la fifi, ile chafu inayopata bei ya chini. Ghati ana miaka sabini na kitu, amenyooka, anavuta ugoro, na Kiswahili chake ni cha kukata kata kwa sababu hakukihitaji mpaka uzeeni. Nilipiga magoti kumwamkia, akaitikia. Rhobi alinyanyuka, akaingia ndani bila kunitazama.

Nikasema nimekuja kukiri kosa. Akanikatiza, akasema kosa amelisikia kwa watu, anataka alisikie kwenye kitabu. "Soma. Soma vile mlisoma huko Musoma."

Nikasoma. Sijawahi kusoma kitu chochote kwa shida namna ile. Kila pambo nililoliweka ili Pastory alipende nililisoma haraka lipite. Pale nilipoandika kwamba bibi wa kisiwani alichechemea "kama mlango uliotoka bawaba", Ghati aliangalia mguu wake mzima, akaendelea kuchambua. Kutoka ndani nilisikia kwamba Rhobi ameacha kufanya alichokuwa anafanya.

Nilipofika kwenye mistari, mikono ya Ghati ikasimama.

"Huyo mtu anasema nini hapo? Rudia."

Nikarudia. "Jina langu siwezi kuandika humo. Mstari naweza."

Aliweka pamba chini. Akasema yale madaftari aliyajua tangu siku ya kwanza, shule gani inapiga mistari? Alikuwa anayapokea, ananyamaza, na Nyamhanga anajua kwamba amepokea, naye ananyamaza. Ndivyo walivyokuwa wanasalimiana. "Lakini hiyo maneno hakuniambiaga," akasema. "Sikujua inamuuma hivyo. Ningejua, labda nisingepokea. Ona sasa, umenipa mzigo na mimi."

Nikamwomba msamaha. Nililia, nikasema sikufikiri. Akasubiri nimalize, kama mtu anayesubiri mvua ipite ili atoke.

"Msamaha ni ya mtu amekanyaga mwenzake hakuona. Wewe uliona. Ukaona ni nzuri, ukachukua."

Kisha akasema jambo ambalo nitakufa nalo. Alisema nimeandika vizuri. "Ungeandika vibaya ningeshukuru. Watu wangesahau."

Nikamwambia nitazichoma nakala zilizobaki. Akacheka kidogo, akasema nisimletee moshi kwenye pamba, maji yakimwagika hayazoleki. Aliniamuru kitu kimoja tu. Machage akirudi, siku upande wa msichana watakapokuja kuchagua ng'ombe, niwepo, nikae karibu, nisikie. "Usije na kalamu," akasema.

Jumamosi, 27 Julai

Musoma. Nimeiondoa "Mistari Myekundu" kwenye chapa ya pili, na redio nimewakatalia. Pastory alisema nimemuua mtoto wangu bora. Nikamjibu kwamba hakuwa wangu. Hakuna aliyecheka. Hyasinta, mshairi wetu, alikuwa anaangalia mikono yake, na nikamwona anafikiria mashairi yake kuhusu dada yake.

Sijisikii shujaa. Kuitoa hadithi wakati wahusika wote wameshaisoma ni kufunga zizi ng'ombe wameshatoka.

Jumapili, 4 Agosti

Mvua isiyo ya msimu. Pamba ya watu imeloa uani, kijiji kizima kilikuwa kinakimbia na maturubai. Mimi nilisaidia jirani, nikafurahi kwa nusu saa kuwa mtu wa kubeba tu.

Ijumaa, 9 Agosti

Rhobi alikwenda Rukuba kwa mtumbwi, yeye ambaye hajawahi kuvuka maji. Amerudi na Machage. Jioni alipita kwangu, akasimama nje ya lango, na ni mara ya kwanza kuniambia neno tangu mwezi wa sita.

"Nimemwambia yote, mimi mwenyewe," akasema. "Vile nilimpenda Mama Ghati aliponichukua, vile nilimchagua yule baba, vile tulikubaliana. Nilikuwa nasubiri aoe ndiyo nimwambie. Ilikuwa ya kwangu kusema, Madam."

Akaenda zake. Kumbe katika hadithi yangu nzima yule mama wa watoto hana hata sentensi moja anayosema. Pastory hakuliona hilo, nami pia sikuliona.

Jumamosi, 17 Agosti

Leo ng'ombe wamechaguliwa.

Nilikwenda bila kalamu, kama nilivyoagizwa, na bado hapa ninaandika. Mtu akinisoma anihukumu kwa hilo pia.

Wazee wa upande wa msichana walifika saa tatu, wakaingia zizini, wakawapapasa ng'ombe, wakabishana kuhusu mtamba mmoja mwenye baka jeupe. Majirani wanaume walisimama nje ya ua. Nyamhanga alikuwa kati yao, amevaa koti la kanisani. Asingekosa, kukosa kungesema zaidi. Sisi wanawake tulikaa upande wa jikoni. Ghati aliniita kwa kidole, akanikalisha kwenye kigoda kando yake, hatua tano kutoka lango la zizi.

Walipokubaliana, mzee wao mkuu alimwita Machage mbele. Huku kabla ng'ombe hawajatoka kijana huulizwa swali ambalo kila mtu analijua jibu lake. Huulizwa ili watu wasikie tu, na huwa linajibiwa haraka, hata kabla mzee hajamaliza, vijana wengine hulijibu kwa mbwembwe.

"Wewe ni mtoto wa nyumba ya nani?"

Machage alifungua mdomo. Halafu akaufunga. Alitazama chini, akatazama ng'ombe, akainua macho hadi kwenye ua walipokuwa wanaume. Nyamhanga alikuwa ameinamisha kichwa, anakung'uta koti lake mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ndama alilia. Rhobi, mlangoni pa jiko, alishika kanga yake kwa mikono miwili.

"Wa nyumba ya Ghati," akasema Machage. Alisema vizuri, kwa sauti iliyofika mbali.

Vigelegele vikapigwa. Lango likafunguliwa, ng'ombe wakaanza kutoka. Wageni walicheka, wakisema bwana harusi ameona aibu mbele ya wakwe. Nyumba haikufungwa. Nililia tena, nikidhani ni kwa furaha.

Ghati hakupiga kigelegele. Alisubiri vumbi la ng'ombe litulie, akanigeukia.

"Umesikia, Mwalimu?"

Nilisikia. Mistari ilikuwa ya Nyamhanga, maneno yalikuwa yake, habari ilikuwa ya Rhobi, na nyumba ni ya Ghati. Kimya kile cha kabla ya jibu ndicho peke yake nilichokitunga mimi.